Ng'ombe wa Watu Kwenye Tovuti ya Guta

Vijana wangu wa maabara ya kompyuta, siku ile ya kuniaga mliniomba niwaandikie kidogo kuhusu kazi. Mwalimu Ezekieli, akiwa na soda mkononi, akasema, "Kurasa mbili tatu tu, Mzee Makuru, usije ukatuandikia kitabu." Nimemsikia. Lakini mtu aliyefundisha utengenezaji wa tovuti mjini Musoma akiwa na darasa la saba lake moja haenei kwenye kurasa mbili, na Ezekieli analijua hilo kuliko wote.

Sitaandika nilipandishwa cheo lini wala nani alitia saini. Hayo yamo kwenye faili, na faili lina watu wake. Nitaandika ya siku za kwanza, ya vifaa, ya mzee aliyenifundisha, na ya kesi moja ngumu, kesi ya Nyamisi na ng'ombe wa watu. Kesi ile ingekwenda vibaya, leo hii mngekuwa mnafundishwa tovuti ya sura moja nyote, na mimi ningekuwa nimestaafu kwa hasira. Nimestaafu kwa hiari. Meno yote yapo, kilichochoka ni macho tu.

Nilianzia Bunda mjini, na sikuanza na kompyuta. Nilianza na brashi, kwa Mzee Magesa, mwandika mabango aliyekuwa na kibanda nyuma ya stendi. Siku ya kwanza nilivaa shati jeupe, kwa sababu mama alisikia naenda kufanya kazi ya kuandika akadhani ni ofisini. Mzee Magesa akaliangalia lile shati, kisha akaniangalia mimi.

"Mura, kijana, umekuja kuoa au kupaka rangi?"

Mpaka mchana shati lilikuwa na kila rangi iliyokuwemo kibandani, na mimi nilikuwa nimeshajifunza kuosha brashi kwa mafuta ya taa bila kuvunja nywele zake. Ninyi mnaodhani kazi yetu inaanza kwenye kibodi, mjue yangu ilianza kwenye kopo.

Mzee Magesa alikuwa na seti ya stensili ambayo Bunda nzima hakuna mwingine aliyekuwa nayo. Alizikata kwa wembe kwenye filamu kuukuu za eksirei. Alizipata kwa watu waliopona, na kwa ndugu za wasiopona, hakuulizaga sana. Ukiinua herufi B ukaielekeza juani unaona mbavu za mtu. Unaibana ukutani, unagonga sifongo yenye rangi kidogo, unaitoa, herufi imekaa kama ya kiwandani. Mimi nilizipenda zile stensili kupita kiasi. Niliona kazi yote ni hiyo: panga herufi, gonga sifongo, nenda kwa mteja mwingine.

Ndipo akaja mwenye bucha. Alitaka jina lake liandikwe kubwa, na kichwa cha fahali pembeni. Nikakimbilia stensili. Mzee Magesa akanizuia, akanipa kigoda, akasema twende tukakae kwanza. Tulikaa pale buchani asubuhi nzima, hatuna brashi, hatuna rangi, tumenyamaza kama wafiwa. Kila mteja aliyefika, hata kabla ya kusalimia vizuri, aliuliza, "Maini yapo?" Mmoja baada ya mwingine. Hakuna aliyeuliza jina la mwenye bucha, na huyo fahali hakuna aliyemtaja. Basi Mzee Magesa akarudi kibandani akapaka MAINI kwa herufi nene kutoka ukingo hadi ukingo, na jina la mwenyewe akaliweka chini, dogo kama chawa. Chini ya MAINI akapigilia ndoano ya kuning'iniza kibao: upande mmoja YAPO, upande wa pili YAMEISHA.

"Hili bango ni langu au la maini?" jamaa akapiga kelele mpaka watu wa stendi wakasogea.

"Wewe wanakujua," Mzee Magesa akamjibu huku anafuta mikono. "Wasichojua ni kama maini yapo."

Baada ya hapo yule jamaa alikuwa anakigeuza kile kibao mwenyewe kila asubuhi kwa raha kama anafungua benki. Na hiyo ndiyo kanuni ya Mzee Magesa, ambayo imenilisha mkate maisha yangu yote: kinachoulizwa kwanza ndicho kinaandikwa kikubwa. Stensili alizitumia kila siku bila aibu. Ila hakuwahi kuigusa stensili kabla hajakaa kwenye kigoda.

Baadaye zikaja mashine za kuchapa mabango, na brashi zikafa kimyakimya. Mzee Magesa akarudi kwenye shamba lake la pamba. Mimi sikukubali kufa na brashi. Nilihamia Musoma nikapata kazi kwenye duka moja la steshenari, kazi ya kufagia na kubeba karatasi. Kompyuta ya pale ilikuwa inafunikwa kitambaa kama sufuria ya wali. Mwenye duka akitoka kwenda kula, mimi nafunua. Siku moja nikabonyeza kitufe cha kulia cha kipanya juu ya tovuti fulani, ukafunguka ukurasa umejaa maandishi ya ajabu. Mwingine angefunga akakimbia. Mimi nikakaza macho, nikaona humo maneno ya Kiingereza ninayoyajua: kichwa, mwili, meza. Nikasema kumbe hii kazi nilishaisoma shule ya msingi! Kuanzia siku hiyo nilijifunza mwenyewe, kwa kubomoa tovuti za watu nione zimejengwaje. Nasema hivyo bila kujisifu, ingawa nikijisifu pia sioni ubaya.

Tovuti yangu ya kwanza ya mteja ilikuwa ya gesti. Nikafanya kama nilivyofundishwa: nikakaa mapokezi asubuhi nzima nasikiliza simu zinazopigwa. Wote waliuliza kama maji yapo. Basi juu kabisa ya ukurasa, kabla ya jina la gesti na kabla ya picha ya kitanda, nikaandika MAJI YAPO. Watu walinicheka mpaka gesti ilipojaa.

Hapo chuoni Kamunyonge niliingia kama fundi wa mashine. Siku moja mwalimu wa tovuti alihama bila kuaga. Wanafunzi wamekaa hawana mtu, mimi niko chini ya meza nafunga nyaya. Mmoja akauliza swali, nikamjibu nikiwa kulekule chini. Akauliza mwingine. Mwisho nikatoka na bisibisi mkononi nikaenda ubaoni. Mkuu wa chuo, Madam Nyangeta, akapita, akasimama mlangoni, akaingia, akakaa nyuma kabisa mpaka kipindi kikaisha.

"Makuru, ualimu umesomea wapi?"

"Chini ya meza, Madam."

"Kesho endelea," akasema. "Ila bisibisi uiache."

Nilipopewa darasa nikaweka desturi mbili, ambazo ninyi mmezikuta mkadhani zimetoka wizarani. Zimetoka nyuma ya stendi ya Bunda. Ya kwanza ni kigoda: mwanafunzi hagusi mashine mpaka amekaa kwa mteja wake asubuhi nzima akisikiliza watu wanauliza nini. Ya pili ni mtihani wa mradi wa mwisho. Tunaufanyia kwa mteja, jopo zima linasafiri, na mteja mwenyewe anafungua tovuti kwenye simu yake, kwa bando lake, mbele yetu. Yeye ndiye anayesema ni yake au si yake. Akisema si yake, mwanafunzi ameanguka. Ukianguka mara mbili, unarudi nyumbani bila cheti.

Mambo yalikwenda vizuri mpaka intaneti ikawa ya haraka, na templeti zikamwagika kama kumbikumbi. Raha ya templeti ni kwamba mtu wa mbali ameshaitengeneza tovuti yote, wewe unabadilisha jina na picha, basi. Wanafunzi wakaacha kukaa kwenye kigoda. Wakawa wanadanganya kwamba wamekaa. Kuna kijana aliyemtengenezea seremala wa majeneza, akatafsiri kila sentensi ya templeti bila kusoma, na chini ya picha ya jeneza ikabaki imeandikwa, "Wateja wetu hurudi kwetu tena na tena." Mwingine alisahau kufuta yale maneno ya kujazia nafasi ambayo templeti huja nayo, yale yanayofanana na Kilatini. Katekista aliyekuwa mteja wake akayasoma kwa heshima, akasema hajawahi kuona chuo kinajali liturujia namna hii. Yule tulimpitisha. Mteja amekubali, ungefanyaje?

Katika kipindi hicho ndipo akaja Ezekieli, kijana ana digrii yake, anajua kazi, na ana mdomo. Mimi napenda mtu mwenye mdomo. Tukawa tunabishana kantini kila siku ya Mungu juu ya chapati.

"Mzee, huko kazini hakuna anayesubiri uchonge kila kitu upya," alikuwaga anasema. "Templeti imeshapimwa, inafunguka kwenye simu zote. Hawa unaowaambia wabuni wenyewe wanatuletea vitu vinayumba kama meza yenye mguu mfupi."

"Na hiyo templeti yako imekaa kwa nani?"

"Kukaa vipi tena?"

"Imekaa buchani? Imekaa gesti? Au imetoka kwao moja kwa moja ikaja kutuambia sisi tunauza nini?"

"Mzee Makuru, kigoda hakifunguki kwenye simu!"

Wanafunzi walikuwa wananunua chai wasiyoitaka ili wasikilize. Na niseme kweli, Ezekieli alikuwa na haki yake. Vya kwake vilifunguka. Mtu niliyekulia kwenye stensili ningewezaje kusema stensili ni dhambi?

Sasa Nyamisi. Binti wa Guta, mkono mwepesi, kichwa chepesi zaidi, wa kwanza kumaliza kila zoezi, na hilo ndilo lilikuwa tatizo lake. Duka moja la uchapaji Bunda mjini lilikuwa limeshamwambia nafasi yake ipo, alete cheti tu. Mteja wake alikuwa kikundi cha jirani zake kule Guta, watu wanaokodisha maksai wa kulimia. Mwenyekiti wao, Mzee Mugeta, mtu mkubwa wa umbo, alikuwa na jozi nzuri na alipenda ijulikane hivyo.

Nyamisi akachukua templeti ya shamba la Ulaya, akabadilisha jina, akaandika kwa Kiswahili kizuri kabisa, na picha ya juu akaiacha kama ilivyokuja. Ng'ombe mkubwa mweusi na mweupe, kiwele kinakaribia kugusa chini, hereni za njano masikioni, amesimama kwenye majani ya kijani mpaka mbinguni. Chini yake: "Ng'ombe wetu." Chini zaidi: jina la Mzee Mugeta na namba yake ya simu.

Tukaenda Guta, mimi, Madam Nyangeta na Ezekieli. Mzee Mugeta akafungua. Akatazama muda mrefu, akaita wenzake, nao wakatazama.

"Huyu ng'ombe ni wa nani?" akauliza mwisho.

"Ni picha tu, baba," Nyamisi akasema.

"Nimeuliza wa nani. Ana hereni, ana mwenyewe huyu. Hapa imeandikwa ng'ombe wetu, na jina langu hili hapa."

"Ni wa Ulaya, Mzee," Ezekieli akajaribu kusaidia.

Ndiyo akaharibu kabisa. "Yaani sasa tumekwenda kuchukua mpaka Ulaya?" Mzee Mugeta akang'aka.

Mwalimu aliyetoka mkoa mwingine anaweza kucheka. Sisi wa Mara hatukucheka. Nyayo za ng'ombe wa mtu zikiishia kwenye zizi lako, huna maelezo marefu ya kutoa, na hapa nyayo zilikuwa zimewekwa kwenye mtandao, dunia nzima izione. Mzee Mugeta alikuwa ameshika simu mbali na mwili kama imewaka moto. "Mtoe huyu ng'ombe sasa hivi," akasema. "Mwenyewe hajamwona bado. Hii si yetu. Sikilizeni wote, nimesema si yetu!" Na wenzake wakaitikia, ili kuwe na mashahidi.

Nyamisi akawa ameanguka mara ya kwanza.

Njiani kurudi Musoma Madam Nyangeta aliongea akiangalia mbele. Alisema jina la chuo limeingizwa kwenye wizi wa mifugo, na amechoka. Ezekieli atatengeneza templeti moja ya chuo, iliyopimwa, isiyo na ng'ombe, na kuanzia muhula unaofuata kila mwanafunzi ataitumia hiyohiyo, awe anamtengenezea mvuvi wa sato au kwaya ya kanisa. Mambo ya vigoda yaishe.

Nikamwambia, "Madam, Nyamisi ana mtihani wake wa pili. Aufanye kwa njia yangu. Akipita, uniachie kigoda changu. Akianguka, hiyo templeti ya chuo nitaifundisha mimi mwenyewe, tena kwa sauti."

Akakubali. Kisha nikageuka kiti cha nyuma nikamuuliza Nyamisi kama anakubali, maana cheti kilikuwa chake, si changu. Alikuwa amefunika uso na kitenge. Akasema bila kukitoa, "Mimi nataka mteja yuleyule, Ticha. Sitaki mwingine."

Nikajua huyu ana moyo. Ila moyo nao una hasara zake. Safari hii aliikimbia templeti kama sumu, akajifungia na mashine, akaja kunionyesha kitu ambacho hajakiiga popote. Ukurasa unafunguka jua linachomoza ziwani. Ng'ombe aliowachora mwenyewe wanatembea kutoka kushoto kwenda kulia, vumbi linatimka, kengele shingoni zinalia, herufi zimepinda kama pembe. Maabara nzima walisimama kupiga makofi. Hata mimi nilijisikia fahari, nikaona mkono wangu mle. Kisha nikachukua ile simu kuukuu ya maabara, yenye ufa, inayofanana na ya Mzee Mugeta, nikafungua. Kale kaduara kakazunguka, kakazunguka. Tulikunywa chai. Kakazunguka. Ezekieli akachungulia, akasema ng'ombe wamekwama kwenye tope.

"Ulikaa?" nikamuuliza Nyamisi.

"Ticha, mimi ni wa kulekule. Nimezaliwa Guta. Nikae tena nisikilize nini?"

"Ile ya kwanza uliitoa Ulaya. Hii umeitoa kichwani kwako. Guta haimo kwenye zote mbili."

Alinuna. Nikampa kigoda. Nikamwambia asiende nyumbani kwao, watampa chakula na stori. Aende joshoni, siku ya kuogesha mifugo, akae pembeni na simu ameizima. Akaenda. Aliporudi alinuka dawa ya josho mpaka wenzake wakafungua madirisha, na kabla hajakaa chini akaanza kusema.

"Hawaulizi bei kwanza. Wanauliza, 'Nani yuko bure leo?' Mvua ikishanyesha kila mtu anataka kulima wiki ileile, Ticha. Mtu anatembea boma hadi boma kutafuta maksai ambao hawana kazi. Anafika kwa huyu, wametoka. Kwa yule, wametoka. Mimi nimekulia pale na nilikuwa nawaona wanapita tu, sikujuaga wanatafuta nini."

"Halafu wanauliza nini?"

"Jozi gani. Wanawajua kwa majina. Kombaini na Dereva wa baba Masatu wana mbio lakini wanahitaji mtu wa kuwakemea. Wa Mzee Mugeta, Waziri na Mpole, ni wa taratibu, ila mtaro wao umenyooka."

Niliona mwenye bucha na maini yake mbele ya macho yangu. Sikumwambia afanye nini. Alifuta jua, akafuta ziwa, akafuta kengele, nikaona anaumia na nikamwacha aumie. Alikwenda Guta kupiga picha za maksai wenyewe, kila jozi na nira yake. Kisha, hii ndiyo sehemu ninayotaka muisikie vizuri, akaenda mezani kwa Ezekieli kumwomba templeti. Alichukua ile nyepesi kuliko zote, akaivua nguo zote ikabaki mifupa, akaweka vya Guta juu yake. Ezekieli akamfundisha kupunguza uzito wa picha bila kuzififisha, jambo ambalo mimi nilikuwa siliwezi vizuri, na nalisema hapa mara moja tu. Mwisho ukawa ukurasa mmoja: jozi moja juu ya nyingine, jina, picha, na leo ziko wapi. Mwenye jozi anagusa mara moja kubadilisha.

Mtihani wa pili ulifanyika joshoni, kwa sababu ndipo wateja walipo. Madam Nyangeta alikuja na viatu vyeupe. Nilitaka kumwonya, nikasema yeye ni mkuu wa chuo, anajua. Ng'ombe wa kwanza aliporuka ndani ya dawa viatu vikabadilika rangi, na yeye akabaki amesimama wima kama hakuna kilichotokea. Ndiyo maana ni mkuu wa chuo.

Mzee Mugeta akafuta mikono kwenye suruali, akatoa simu. Mtandao ulikuwa wa kuombea. Ukurasa ukafunguka kabla hajaifikisha simu usawa wa macho.

"Huyu ni Waziri," akasema. Kisha kwa sauti, "Njooni! Waziri wangu huyu hapa! Na Mpole!"

Wakamzunguka. Huyu anataja kovu la Dereva, lile la waya, huyu anacheka jinsi Kombaini alivyomkazia macho mpiga picha. Nikamkonyeza Ezekieli. Nilishaanza kupanga maneno ya kumwambia Madam. Ndipo Masatu, mwenye Kombaini na Dereva, mtu mfupi mwenye sauti ya mnadani, akajipenyeza katikati akaangalia, uso ukabadilika.

"Kwa nini wangu wako chini?"

"Wako chini wapi?" Mzee Mugeta akauliza.

"Hapa! Wako chini kabisa! Wa Mugeta ndio wako juu ya wote. Kwa sababu ni mwenyekiti, siyo?"

"Vya mkubwa vinakaa juu," Mzee Mugeta akasema, kifua mbele. "Ulitaka viwekwe wapi?"

"Basi hii si yetu! Hii ni ya Mugeta!"

Si yetu. Neno lilelile. Na wengine wawili watatu ambao jozi zao zilikuwa katikati wakaanza kunung'unika. Madam Nyangeta akanisogelea na viatu vyake vya kijivu, akasema polepole, "Makuru, inaanguka hii." Ezekieli alikuwa amefumba macho. Mimi, mwenye maneno yote haya mnayoyasoma, sikuwa na neno.

Nyamisi akakichukua kigoda, akakiweka chini, akapanda juu yake.

"Baba zangu," akasema, "hapo juu hakai mkubwa. Hapo juu anakaa aliye bure leo."

"Bure vipi?" Masatu akauliza.

"Asiye na kazi. Baba Masatu, wako wako chini kwa sababu wameshachukuliwa, wanalima mpaka Ijumaa. Wa Mzee Mugeta wako juu kwa sababu leo hakuna aliyewaita."

Kisha josho zima likalipuka kwa kicheko mpaka ng'ombe waliokuwa kwenye foleni wakarudi nyuma. Masatu alicheka akiwa ameshika magoti. "Niache hukohuko chini, binti!" akasema. "Nishushe zaidi kama pana nafasi!"

Mzee Mugeta hakucheka. Alikuwa ameishika simu kwa mikono miwili, anawatazama Waziri na Mpole pale juu, peke yao, wazi mbele ya watu.

"Sasa wangu wanashukaje?" akauliza kwa sauti ya chini.

"Wakipata shamba, baba."

Mtu mmoja akasema kutoka nyuma, bado anacheka, "Mzee Mugeta, waje kwangu kesho. Mtaro ulionyooka ndio nautaka." Nyamisi akashuka kwenye kigoda, akamwonyesha Mzee Mugeta pa kugusa. Akagusa na kidole kinene, polepole, kama anamgusa mtoto aliyelala. Waziri na Mpole wakateremka mpaka chini, wakakaa karibu na Kombaini na Dereva. Sijawahi kuona mtu anashushwa akang'aa uso namna ile.

Madam Nyangeta akauliza kama desturi inavyotaka, "Mzee, tovuti hii ni yenu?"

"Ya nani tena?" Mzee Mugeta akasema. "Huoni ng'ombe wetu?"

Kwenye gari Madam alivua viatu, akaviangalia, akasema sentensi moja tu mpaka tunafika Musoma: "Kigoda kinabaki." Ile templeti ya chuo haikutengenezwa. Nyamisi alichukua cheti, akafanya kazi yake Bunda, na leo ndiye anayekalia kiti changu hapo maabara. Mnamjua. Yeye ndiye anayewapeleka joshoni na stendi, ninyi mnadhani anawaonea.

Mimi nimerudi kwetu Butiama. Nimefungua duka dogo la steshenari kwenye njia iendayo Mwitongo, na duka linahitaji bango. Nilikuwa nimeshajipangia maneno: MAKURU, MTAALAMU WA TOVUTI NA MABANGO, MWALIMU WA WALIMU, MIAKA MINGI YA UZOEFU, na mengine matatu hivi. Nikamwita Nyamisi aje apake, nikampa na zile stensili za eksirei za Mzee Magesa, ambazo aliniachia mimi na si mtu mwingine. Akaja na kigoda cha chuo. Nikaanza kumsomea maneno yangu, akaniambia, "Shikamoo, Ticha, naomba unyamaze." Akakaa barazani kwangu asubuhi nzima. Watu wanakuja, wanaondoka, mimi niko ndani nimekatazwa kutoka.

Bango lilipokamilika, juu kabisa, kutoka ukingo hadi ukingo, liliandikwa MAKURU. Chini yake kuna ndoano na kibao cha kugeuza: upande mmoja YUPO, upande wa pili YUKO SHAMBA. Na chini kabisa, dogo kama chawa: kompyuta, kuchapa, mabango.

"Na utaalamu wangu wote umeupeleka wapi?" nikamuuliza.

"Ticha, hakuna aliyeuliza kuhusu kompyuta. Wote waliofika walikuwa wanauliza, 'Makuru yupo?'"

Nilitaka kubisha. Nikakosa pa kuanzia, kwa mara ya pili katika maisha yangu, na mara zote mbili ni kwa sababu ya mtu huyohuyo na kigoda hichohicho. Mkija Butiama mtaliona bango kabla ya duka. Leo asubuhi nimegeuza kibao upande wa YUPO.